Herufi Alizoruka Zena

Zena aliruka tena. Maalim Alimasi alimsikia vizuri kabisa: alifu, bee, tee, thee, jimu, halafu, bila haya wala haraka, lamu. Herufi zote za katikati zimekwenda na maji.

"Rudia."

Mtoto akarudia, kijiti chake kikigusa ubao herufi moja moja. Safari hii alifika dali, akatua kwenye nuni.

Astaghfirullah! Miaka kumi na tisa Maalim anasomesha watoto wa Rumonge, na kama kuna kazi aliyoijua ni kumpima mtoto mpya. Wako wanaochanganya bee na tee. Hao huwaongezea mwaka, wakanyooka. Wako waliokariri kama kasuku. Hao huwaanzishia mwisho kurudi mwanzo, wakaumbuka palepale. Lakini mtoto anayeruka, na kila siku anaruka mahali pengine? Huyo hakupata kumwona. Tena balaa lenyewe linaambukiza. Juzi Asiya naye aliruka, jana Hamissi. Chuo kizima kimegeuka panzi.

Na yeye amechoka, jamani. Tangu mfungo uishe amechoka uchovu usiosikia dawa. Usiku usingizi unamkimbia, asubuhi kichwa kinamgonga. Mkewe humletea uji wa moto, unafuka, na akinyanyua kikombe anakuta umepoa. Watoto hawa watamzeesha kabla ya siku zake.

Jioni mama yake Zena, Mwasiti, alikuja kumchukua, mikono bado inanuka mawese. Maalim hakuzunguka.

"Mama Zena, mwanao analala akisoma. Mdomo unafungwa, akili inalala, halafu anaamkia mbele."

Mwasiti alishika mdomo. Mwaka ule neno kulala halikusemwa ovyo pwani ile. Wadachi walikuwa wakiwafyekesha watu vichaka vya mtoni kwa ajili ya mbung'o, na mtu wa daktari alipita kila juma akipapasa shingo za watu. Aliyekutwa na vivimbe alipakiwa mtumbwini kwenda kambi ya malale, ule ugonjwa wa usingizi. Kutoka Magara peke yake walikwenda saba tangu kiangazi. Hajarudi hata mmoja.

"Maalim, mutoto iko muzima! Anakimbiza mbuzi toka asubuhi mpaka magharibi. Usimuseme kwa Bwana Shingo. Nakuomba, mbele ya Mungu."

"Nikinyamaza akafa, Mungu huyohuyo nitamjibu nini?"

"Ni huyu mumoja tu ninaye."

Maalim alimhurumia. Usiku kucha alijigeuza kitandani akimfikiria yule mtoto, na alfajiri akatuma salamu Minago kwa mtu wa daktari.

Alhamisi Bwana Shingo akafika. Jina lake hasa ni Uledi, mtu wa Ujiji, mpole, msaidizi wa daktari. Lakini watoto walikwisha kumbatiza, na wazazi nao wakaitikia. Askari wake alibaki nje na bunduki. Mwasiti alisimama mlangoni akiuma pindo la kanga.

Zena alisimamishwa katikati ya jamvi. Uledi alipitisha vidole nyuma ya masikio yake, akashuka navyo shingoni taratibu. Akarudia upande wa pili. Akarudia tena.

"Shingo safi," alisema. "Mtoto huyu hana kitu."

Mwasiti alipiga kigelegele kilichokatikia kwenye kilio. Maalim naye alishusha pumzi, alhamdulillahi, mzigo umetua. Lakini ukaidi wa mwalimu haufi upesi. Kama si ugonjwa, basi ni uvivu, na dawa ya uvivu anayo. Na kama vidole vya Uledi vimekosea je?

"Bwana Uledi, msikilize kwanza akisoma. Usiondoke na shingo peke yake."

"Haya, na asome."

Maalim aliegemea ukuta. Zena alipiga chafya, akajifuta, akaanza. Alifu. Bee. Tee. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini imenyooka. Thee. Jimu. Mlangoni kuku mwekundu alikuwa akidonoa pumba. Hee.

"Wau," alisema Zena.

"Umesikia!" Maalim aliruka kutoka ukutani. "Umemsikia kwa masikio yako! Kutoka hee mpaka wau! Herufi ngapi hizo, Bwana Uledi?"

Kuku hakuwapo tena mlangoni. Uledi, ambaye sasa hivi tu alikuwa amesimama kule kwenye mwanga, alikuwa amechuchumaa mbele yake, karibu kabisa, na Maalim hakumwona akivuka jamvi. Askari ameingia ndani. Mwasiti halii tena. Anamtazama yeye, Maalim, macho yamejaa huruma.

"Zena, mwanangu," Uledi aliuliza bila kugeuka, "huwa hivi kila siku?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza. Mama akaitikia kwa kichwa, sema.

"Kila siku. Mtu mukubwa haamushwi. Tunasoma polepole tu."

"Ameruka," alisema Maalim. "Mtoto ameruka!"

"Hakuruka hata moja, Maalim," Uledi alisema kwa sauti ya chini. Vidole vyake vikapita nyuma ya masikio ya Maalim, vikashuka shingoni taratibu, vikasimama.