Kanzu ya Ijumaa

Kwa miaka miwili, kila Alhamisi, Mwanakheri aliipiga pasi kanzu ya Ijumaa ya marehemu mumewe. Leo alishaipiga mara tatu, akaikunja, akafika nayo mlangoni, akarudi.

Jirani yake, Bi Somoe, alikuwa kizingitini akiingoja. Muadhini mpya wa msikiti alikuwa na kanzu moja tu.

"Mkono bado una makunyanzi," alisema Mwanakheri.

"Mwanangu, eda Mungu mwenyewe kaiwekea siku. Wewe unaiongeza kwa amri ya nani?"

Mwanakheri akamsukumia kanzu kifuani kama inayomuunguza, akageuka asimwone akiondoka nayo.

Makaa ya pasi yalikuwa bado mekundu. Akazunguka chumba, akakaa, akainuka. Mwisho akafungua sanduku, akatoa leso yake ya manjano, akaitandaza mezani. Ilikuwa na makunyanzi ya miaka miwili.