Daraja la Mama

"Shangazi, nibebe!" mtoto alilia, na shangazi akambeba kiunoni.

Mama yake, aliyelala chali mkekani, alichomwa moyoni. Tangu aumie mgongo amekatazwa kumbeba mwanawe. Wifi yake huyo ni mwema, Mungu anajua, na wema huo ndio uliomuuma zaidi.

Alikuwa ameshakula, maana kisukari chake hakitaki afanye mazoezi tumbo likiwa tupu. Akakunja magoti, akaomba dua, akainua nyonga polepole kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivyomfundisha.

Mtoto akateleza kutoka kiunoni mwa shangazi, akaja na kigari chake cha plastiki, akakipitisha chini ya mgongo wa mama.

"Mama, usishuke! Magari yanapita!"

"Njoo nikubebe, mpenzi," wifi akaita, mikono wazi.

"Ngoja, shangazi. Kuna foleni."

Mapaja ya mama yalianza kutetemeka. Wivu ukamwambia abaki juu hata mgongo ukatike.

"Daraja linafungwa, baba," akasema, akishuka taratibu. "Litafunguliwa kesho."

Mtoto akaegesha gari, akalala ubavuni mwake kuingojea kesho.

Mikono ya wifi ilikuwa bado wazi.