Maji Yanayonuka Rangi

Kimutai alifungua mkutano kwa kunywa maji ya chupa, mbele ya watu waliokuwa wakinywa thina ya rangi kwa miaka mitatu.

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima, hapa nje kidogo ya Soy. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya amani, na ile fulana aliyopewa baada ya vita vya uchaguzi, nyeupe yenye njiwa kifuani, aliivaa kwenye kila mkutano uliokuwa na chakula.

Kisima kilianza kunuka rangi mwaka wa 2008. Serikali ilichukua hatua za haraka: kufikia 2011 ilikuwa imetuma mtu mmoja. Kabla yake yalikuja mashirika mawili. La kwanza lilikipiga kisima picha. La pili liliwapeleka wanakamati kwenye hoteli mjini Eldoret kwa siku tatu, wakafundishwe kwamba maji yanayonuka rangi hayamfai binadamu. Walirudi na vyeti.

Mtu wa serikali aliitwa Okello, na angalau yeye alikuja na mashine. Pampu ingevuta maji kutoka ardhini, iyapulizie hewa, iyapitishe kwenye mkaa, kisha iyarudishe yakiwa safi.

"Lakini itasafisha mpaka Yesu arudi kama hatujachimba ule udongo wenyewe," alisema. "Hii ni thina ya kuchanganya rangi ya magari. Nataka kujua ilimwagwa wapi, na ilikuwa ngapi."

Watu wote wakamgeukia Guled. Kwa hilo hawakuhitaji mtaalamu. Guled alikuwa na yadi ya malori juu kidogo ya kisima, alipaka malori rangi humo, na ingawa alikuwa ameishi hapo miaka ishirini, bado aliitwa mgeni, mtu wa Wajir. Ushahidi gani tena? Barua ya kumtoa kwenye ploti, yeye na mkewe na watoto, ilikuwa tayari mezani ikimngoja chifu. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya Kimutai. Ya pili ilikuwa ya Mama Nyakio.

Mama Nyakio alikuwa na haki ya kukasirika. Aliporudi baada ya vita kutoka kambi ya wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho, alikuta nyumba za majirani zake wote zimekuwa majivu na yake imesimama, mabati juu, pazia dirishani. Mlangoni kulikuwa na kiberiti kipya, kimepungua njiti tatu tu. Alikiweka kabatini, na kila alipopewa nafasi kanisani alikitoa kuonyesha jinsi Mungu anavyozima moto. Waumini walikuwa wameanza kukichoka. Sasa nyumba iliyookolewa na Mungu ilikuwa haina maji ya chai, ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa, na mjukuu wake hakuacha kujikuna.

"Baba Ayan," alimwambia Guled. "Tumekaa na wewe vizuri. Watoto wako wamekulia kwa jikoni yangu. Sema tu ukweli, ni wewe?"

Guled alisimama.

"Ni mimi, Mama."

Kimutai alipiga meza kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha. "Hiyo iandikwe kwa minutes."

"Mapipa sita," Guled aliendelea, akimwangalia Okello. "Nyuma ya yadi, pale kwa ukuta. Niliyalaza chini nikafungua yote. Ilikuwa ile Januari ya vita."

Okello aliandika, kisha kalamu ikasimama. "Sita, siku moja? Yalikuwa mabovu?"

"Mapya. Hata seal nilikata mwenyewe."

"Sasa mtu anamwagaje thina mpya?"

Kimutai alieleza kwamba mkosaji akishakiri sababu hazina kazi, kwamba kura ipigwe sasa hivi, na kwamba wali ulikuwa unapoa. Watu kadhaa waliguswa sana na hoja ya wali.

"Hapana," alisema Mama Nyakio. "Ajibu. Ni mimi nakunywa hiyo maji."

Guled alimgeukia Mama Nyakio. Alionekana mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Nilikuwa nimeamua sitasema, Mama. Sisi wote bado tunaishi hapa. Kuna watu walikuja kuniomba hiyo thina, petroli yao ilikuwa imeisha na nyumba imebaki moja. Nikawaambia mapipa ni matupu, lakini hawakuniamini."

Kisha akamgeukia mwenye fulana ya njiwa.

"Mwenyekiti, si ni wewe uliniambia mnaenda kutafuta kiberiti, mkirudi mtafungua muone?"