Mkono Usiohisi

Kibwana alirudi chumbani na kitambaa chenye maji, akaganda mlangoni. Panya alikuwa amekaa juu ya mkono wa mkewe, akilamba uji uliomwagikia vidoleni. Mwanahawa hakuwa na habari. Tangu aanguke ngazini akaumia uti wa mgongo, hakuhisi chochote kuanzia shingoni kwenda chini.

"Mbona umesimama?" aliuliza.

Miaka thelathini, mkewe ndiye aliyefukuza panya humo ndani, Kibwana akiwa amepanda juu ya kiti kwa woga, na siri hiyo haikuwahi kutoka nje. Alipiga mguu chini. Panya aliinua kichwa, kisha akaanza kuguguna ncha ya kidole.

Mwanahawa aliusoma uso wa mumewe. "Ni panya? Yuko wapi, Baba Rukia?"

"Mkononi kwako."

Alijaribu kujigeuza, kikasogea kichwa tu. Machozi yakamlengalenga. "Mtoe, mume wangu. Nakuomba."

Kibwana alipiga hatua moja, kisha ya pili, akiomba kimoyomoyo panya akimbie mwenyewe. Hakukimbia. Basi akafumba macho, akaunyakua mkono ule kwa mikono yake miwili. Kitu chenye joto kilimpita kiganjani, kikapenya ndani ya kanzu yake.

"Ameondoka?" Mwanahawa aliuliza.

"Ameondoka," alisema Kibwana, macho bado ameyafumba, huku kitu kile kikimtambaa taratibu kuelekea begani, naye hauachii mkono wa mkewe.