Tundu la Tanuru

"Mama Paskalina, nani ameziba tundu la tanuru?" mwalimu alifoka, akisukuma mlango wa karakana.

Ni mama mwenyewe aliyeliziba. Kijijini kwao, Daudi, walipochoma vyungu kwa kuni, walivikinga na upepo visipasuke. Basi jioni hii, alipowasha tanuru la umeme la darasa, aliweka kizibo na kufunga madirisha yote. Hakukumbuka kwamba udongo wa leo ulichanganywa na karatasi, na karatasi ikiungua lazima moshi wake wenye sumu upate pa kutokea. Akamwacha binti yake Paskalina alilinde, akaenda chumba cha pili kukanda udongo mwingine.

"Mama, kichwa kinanigonga," binti aliita kupitia ukuta. "Nifungue dirisha?"

"Usithubutu! Vitapasuka. Sali rozari, nakuja."

Sasa Paskalina alikuwa amelala chini ya meza, kiatu kimoja kimemtoka.

Mwalimu alizima umeme. Wakamburuta hadi nje, kwenye nyasi na baridi. Mama akapiga magoti, akamfuta mate kidevuni kwa pindo la kitenge.

"Mungu wangu, kosa ni langu," alisema. "Nichukue mimi."

"Anapumua?" mwalimu aliuliza.

Mama akaweka vidole chini ya pua ya binti yake. Udongo ulikuwa umevikaukia, mgumu kama ganda. Hakuhisi kitu. Akavitia mdomoni mwake, akaanza kuukwangua ule udongo kwa meno, apate kuhisi pumzi.