Jino Moja la Kato

Sheria iliwahurumia madaktari: aliyekwenda kutibu watu katika nchi maskini, mwanawe alisimamishwa asikue, ili mzazi akirudi asiwe amekosa kitu. Mwaka wa nne sasa Bibi Kemilembe anambeba mjukuu wake Kato, wa miezi sita, jino lilelile likichungulia. Mtoto wa jirani aliyezaliwa naye siku moja ameshaanza chekechea.

Koku, mama yake Kato, akapiga simu. "Mama, wagonjwa ni wengi mno huku. Niongeze miaka miwili?"

"Ongeza, mwanangu. Kwani ulikwenda kuangalia milima?"

"Na Kato?"

"Utamkuta vilevile."

Simu ilipokatika akainama kumnyanyua mtoto, kiuno kikagoma. Akakaa palepale sakafuni.

"Basi tungoje, babu," akamwambia. "Mimi tu ndiye waliyesahau kumsimamisha."