Mtu Mmoja Asiye Ndugu

Shemeji alikuja kwenye hafla na mfuko wa gitaa, ingawa gitaa lenyewe halikuwa lake. Aliuweka mapajani, zipu wazi, akaendelea kunywa soda kwa raha ya mtu anayengoja tu muda upite.

Fundi Baridi alichungulia kutoka nyuma ya pazia, akauona ule mfuko wa shemeji yake, akalirudisha pazia upesi.

Walimwita Fundi Baridi kwa sababu alitengeneza mafriji, na pia kwa sababu ya yaliyompata siku ya kuzaliwa ya binti yake. Siku hiyo alisimama sebuleni na gitaa mbele ya ndugu na majirani, akafumbua kinywa, ikatoka "samahani." Akajaribu tena. "Samahani." Mara ya tatu akaliegemeza gitaa ukutani, akaenda jikoni kukagua friji ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Hakukata tamaa. Alijua kubana nyuzi kwa namna tatu tu, na kwa hizo tatu alitunga wimbo mmoja, wa kumsifu mwanamke anayecheka mpaka mabega yanaruka. Alipoulizwa ni mwanamke gani huyo, alisema ni wa kutunga tu. Aliupiga bafuni, mlango umefungwa, kila siku akitoka kazini, huku watoto wamepanga foleni nje na mataulo mabegani. Mwishowe uzalendo ukamshinda mkewe.

"Baba watoto, tukubaliane," alisema. "Hafla ya kumuaga bosi wangu, unapanda jukwaani. Akitokea mtu mmoja, asiye ndugu wala jirani, akatabasamu toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, gitaa linabaki. Asipotokea, tunampa kaka yangu, na bafu linarudi kuwa bafu."

"Mtu mmoja tu?"

"Mmoja. Na mwamuzi ni mimi."

Alikubali mbiombio, kisha akaanza kuona kila abiria, kila mteja na kila askari wa barabarani amenuna.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Mkewe alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na wafuaji wenzake ndio walioupamba ukumbi. Mashuka meupe yaliyopigwa pasi yalifunika meza zote, maputo ya kila rangi yalining'inia huku na huku, na feni mbili zilizungusha joto lile lile. Bosi anayeagwa alikaa mbele. Hakuna mfuaji aliyewahi kuyaona meno yake.

Nyuma ya pazia mkewe alimpangusa Fundi jasho la shingoni. Alikuwa amependeza, midomo kaipaka ile rangi yake ya zambarau, ambayo huitoa kabatini kwa harusi tu.

"Wako wengi," Fundi alilalamika. "Na wote watanikodolea macho."

"Lete hiyo miwani."

"Sasa nitaona vipi?"

"Si ndiyo maana yake?" Akaichomoa usoni pake na kuitia kwenye pochi. "Na usiviimbie viatu vyako. Tazama nyuma kabisa ya ukumbi."

Kisha akaondoka upesi, eti ameitwa kwenye keki.

Bila miwani, chochote kilichopita urefu wa mkono kwa Fundi kilikuwa ukungu. Alipanda jukwaani akaona mabaka ya rangi badala ya watu. Alimsikia shemeji akikohoa. Akafumbua kinywa, na ile "samahani" akaihisi inapanda kooni.

Akakumbuka kutazama nyuma.

Kule kwenye kona alikaa mtu mwenye uso wa mviringo, kajifunika nguo nyeupe mabegani. Hata kwa ukungu wote ule, tabasamu lake lilionekana, pana ajabu, kutoka shavu hadi shavu. Na alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama anayesema haya, twende.

Fundi aliimeza "samahani" yake, akaanza kuimba.

Ubeti wa kwanza ulitetemeka. Akatazama kwenye kona: tabasamu lipo. Ubeti wa pili kidole kiliteleza, gitaa likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akatazama tena: lipo vile vile! Furaha ikampanda kichwani. Ubeti wa tatu aliuimba akirukaruka, na wafuaji wakadakia kiitikio kama wimbo wanaoujua tangu utotoni. Vigelegele vikapigwa. Mtu akapanda kiti. Hata bosi alionyesha meno, mawili ya juu.

Alipomaliza, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Fundi aliruka chini akicheka peke yake.

"Funga zipu, shemeji!" alisema alipompita, akajipenyeza mpaka nyuma, mkono mbele.

"Dada, asante sana. Hujui tu ulichonifanyia leo."

Dada hakuupokea mkono. Fundi akasogea karibu zaidi, na ukungu ukafunguka. Mbele yake kilikuwa kiti kilichovikwa shuka la hospitali, na juu ya mgongo wa kiti limefungwa puto, likiinama na kuinuka kwa upepo wa feni. Mdomo wake ulikuwa umechorwa harakaharaka kwa rangi nzito ya zambarau.

Mtu alimshika bega, akamgeuza, akamvalisha miwani yake. Alikuwa mkewe, anahema kidogo, midomo haina hata chembe ya rangi, na mabega yameshaanza kuruka.

"Gitaa linabaki," alisema. "Au na huyu naye ni ndugu yako?"